LIKIZO YA FAMILIA KISIWANI BARBADOS: MBU WA MCHANA, BAHARI NA TUFAHA LISILOLIWA

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia magonjwa ya hapa nyumbani. Safari hii tunakwenda mbali kidogo. Wengi wetu tunao watoto, wadogo zetu au wakwe wanaoishi Uingereza, Kanada na Marekani, na wajukuu wanazaliwa huko huko. Likizo yao si ile ya kwenda kijijini kwa bibi tu. Wapo wanaojiwekea akiba mwaka mzima ili wakapumzike na watoto wao katika visiwa vya Bahari ya Karibi, na wengine huwaalika babu na bibi waungane nao. Likizo ni jambo jema. Baba na mama waliochoka wanahitaji kukaa na watoto wao bila saa ya ukutani kuwakimbiza. Lakini mgeni hajui mitego ya mahali, na ndiyo sababu tumeona tuandike.

Tuchukue Barbados kuwa mfano wetu. Ni kisiwa cha mashariki kabisa katika mlolongo wa visiwa hivyo, kilichopata uhuru mwaka 1966 na kuwa jamhuri mwaka 2021. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 430 hivi, yaani hakifiki nusu ya Pemba. Lugha yake ni Kiingereza, na wenyeji wengi ni wajukuu wa watumwa waliosafirishwa kutoka Afrika Magharibi kwenda kulima miwa. Mtu wa pwani yetu akifika pale ataona minazi, miembe na mikate (ile mishelisheli yetu), naye atajiona yuko nyumbani. Hapo ndipo pana hatari. Anabeba hofu za nyumbani, kama malaria na papa, wakati yanayowapeleka wageni hospitali pale ni mambo ambayo kwa macho hayana neno lolote.

MBU ANAYEUMA MCHANA

Barbados haina malaria ya kwake. Mbu wa kuogopwa pale ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa saa za asubuhi baada ya jua kutoka na saa za alasiri kabla halijatua. Anakaa ndani ya nyumba na uani, nyuma ya pazia na chini ya meza, naye hupenda vifundo vya miguu. Hazaliani katika madimbwi ya matope. Hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo: kisahani cha chini ya chungu cha maua, tairi kuukuu, kifuniko cha chupa, ndoo iliyosahauliwa. Hivyo basi, mzazi aliyezoea kumwingiza mtoto chandaruani saa moja jioni anaweza kudhani amemaliza kazi, kumbe mtoto alikwisha kuumwa saa kumi alipokuwa akicheza barazani.

Mbu huyu asili yake ni Afrika. Alivuka bahari katika mapipa ya maji ya merikebu zilizobeba watumwa, akaleta homa ya manjano, na mlipuko wake wa kwanza unaojulikana kwa hakika katika visiwa vile ulitokea Barbados mwaka 1647. Siku hizi anaeneza magonjwa mengine matatu, na yote yana undugu na sehemu zetu za dunia. Chikungunya iligunduliwa mwaka 1952 katika nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ulipofika mwezi Desemba 2013 ugonjwa huo ulionekana katika kisiwa cha Saint Martin, na baada ya mwaka mmoja ulikuwa umezagaa karibu Karibi yote. Zika ilipata jina kutoka msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, ilikogunduliwa mwaka 1947, nayo ilithibitishwa Barbados mwanzoni mwa mwaka 2016. Ya tatu ni homa ya dengi, ambayo Waswahili huiita pia kidingapopo. Wapo hata wataalamu wa lugha wanaodhani kwamba neno dengi lenyewe lilitokana na jina hilo letu, likapelekwa Karibi na mabaharia na watumwa. Tunalitaja kwa sababu linafurahisha, si kwa sababu linatibu!

Kati ya hizo tatu, dengi ndiyo inayotupa wasiwasi zaidi kwa watoto. Mwaka 2024 bara la Amerika pamoja na visiwa vyake liliripoti wagonjwa wa dengi zaidi ya milioni 12, idadi ambayo haijawahi kuonekana kabla. Wengi hupona bila matatizo. Wachache hutokwa na damu au maji ya damu huvuja kutoka katika mishipa, na wasipotibiwa mapema hufa. Virusi vyake ni vya aina nne. Mtu akiugua aina moja anapata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo moja tu, na akija kuambukizwa aina nyingine mara ya pili, uwezekano wa kuugua vibaya unaongezeka. Kwa hiyo, kama baba au mama aliwahi kuugua dengi Dar es Salaam au Mombasa, asiseme kwamba yeye amekwisha kupata kinga.

Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu. Homa hupanda ghafla, kichwa huuma, macho huuma kwa nyuma, viungo na misuli huuma, na pengine vipele hutokea. Hapa tunaomba wazazi wasome taratibu. Homa ikishuka, kwa kawaida baina ya siku ya 3 na ya 7, kila mtu hushusha pumzi akidhani hatari imepita. Kwa dengi ni kinyume. Saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka ndizo za kumwangalia mtoto kwa makini kuliko zote. Akilalamika tumbo linauma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, akitapika damu au kupata choo cheusi, akipumua haraka, akiwa mlegevu mno au asiyetulia, mikono na miguu ikiwa ya baridi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asingojewe mpaka asubuhi.

Jambo jingine ni dawa. Kwa homa ya aina hii mpe mgonjwa parasetamoli peke yake, kwa kipimo cha umri na uzito wake. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki zisitumike hata kama zimo katika mkoba wa mama na zimesaidia mara nyingi huko nyuma, kwa maana huongeza hatari ya kutoka damu. Anywe maji kwa wingi, madafu, uji mwepesi, supu, au maji ya pakiti za ORS. Mkojo ukiwa mwingi na mweupe, ni dalili njema. Na mgonjwa alale chandaruani hata mchana, ili mbu wasinyonye virusi kwake na kuwapelekea ndugu zake waliomo nyumba hiyo hiyo.

Kujikinga si kugumu. Mavazi mepesi ya mikono mirefu saa za asubuhi na alasiri, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, nyavu za madirisha. Dawa ya kupaka yenye DEET inafaa kwa mtoto aliyepita miezi miwili, ila mtu mzima ndiye apake, na asimpake mtoto viganjani, maana vidole huishia mdomoni. Mkifika katika nyumba mliyopanga, watumeni watoto wakubwa wazunguke uani wakimwaga maji yaliyotuama katika vyombo. Wataona ni mchezo, nanyi mtakuwa mmepunguza mbu.

Mama mjamzito, au anayetazamia kuwa mjamzito karibuni, aongee na daktari wake kabla ya kukata tiketi. Zika inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, akazaliwa na kichwa kidogo na ubongo usiokua vema. Baba naye ahudhurie mazungumzo hayo, kwa sababu virusi hivyo huweza kupita kutoka kwa mume kwenda kwa mke.

Kuna upande wa pili ambao husahauliwa. Bibi aliyetoka Kisumu au Mwanza wiki moja iliyopita akashikwa na homa akiwa Barbados, homa hiyo inaweza kuwa malaria aliyoondoka nayo nyumbani. Daktari wa pale huona dengi mara kwa mara na malaria kwa nadra. Asipoambiwa, huenda asiipime. Neno la kwanza la kumwambia daktari ni: "Tumetoka Afrika Mashariki tarehe fulani."

BAHARI YENYE SURA MBILI

Pwani ya magharibi ya Barbados, upande wa Holetown na Speightstown, kwa kawaida ina bahari tulivu inayofaa watoto. Pwani ya mashariki inatazamana na Atlantiki, na mawimbi yake yamesafiri bahari nzima bila kukutana na nchi yoyote tangu Afrika. Huko Bathsheba mandhari yanavutia sana, miamba mikubwa imesimama majini na mapovu yanaruka, lakini si mahali pa kuogelea. Wenyeji huoga katika vidimbwi vya kina kifupi vilivyozingirwa na mawe, wala hawaendi mbele zaidi. Mgeni afuate mfano wao.

Kinachoua ni mkondo wa kurudi baharini. Maji yanayosukumwa ufukweni na mawimbi hayana budi kurudi, nayo hutafuta njia nyembamba na kutoka kwa kasi. Njia hiyo ukiitazama kutoka mchangani inaonekana kama sehemu iliyotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika, pasipo na mapovu. Mzazi anaona hapo ndipo salama na kumwelekeza mtoto wake papo hapo! Aliyechukuliwa na mkondo asishindane nao kuelekea nchi kavu, atachoka na kuzama. Aelee, ainue mkono, na akiweza aogelee kwa ubavu, sambamba na ufuko, mpaka atoke katika mkondo, ndipo arudi. Aliye ufukweni amwite mwokoaji na kutupa kitu kinachoelea: mpira, dumu tupu lenye kifuniko, boksi la kubebea vinywaji. Baba wengi wamekufa kwa kujitosa kumfuata mtoto, na mara nyingine mtoto akaokolewa na baba akapotea.

Ogeleeni kati ya bendera za nyekundu na njano, ambazo maana yake waokoaji wapo. Bendera nyekundu tupu ni hatari. Na msidanganywe na utulivu wa bwawa la hoteli. Mtoto mdogo akizama hapigi kelele wala hapungi mkono kama katika sinema. Anazama kimya, kwa dakika chache, pengine watu wazima wakiwa mita tano kutoka kwake wakizungumza. Mtindo tunaoupendekeza ni wa zamu: kila nusu saa mtu mzima mmoja, kwa jina, anakabidhiwa watoto, haongei na simu, wala hanywi. Barbados imepika ramu tangu karne ya 17, na wageni hukaribishwa nayo tangu asubuhi. Aliye zamu asubiri zamu yake iishe.

JUA NA UPEPO

Kisiwa kiko nyuzi 13 kaskazini mwa ikweta, na jua lake la saa sita ni kali kama letu. Tofauti ni upepo. Upepo wa kutoka mashariki huvuma karibu mwaka mzima na kuipoza ngozi, hivyo mtu haoni joto na wala hajui kwamba anaungua mpaka jioni anapovua shati. Mchanga mweupe na maji navyo hurudisha mionzi kutoka chini. Watoto waliozaliwa Ulaya wana rangi yetu lakini hawana mazoea yetu, na ngozi nyeusi nayo huungua, ingawa polepole. Kwa mwenye ualbino hatuna haja ya kueleza sana: kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua, na kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Losheni ya kukinga jua iwe ya nguvu ya 30 au zaidi, ipakwe tena kila baada ya saa mbili na kila mtoto anapotoka majini. Losheni hutangulia, dawa ya mbu hufuata juu yake. Mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe juani kabisa.

TUFAHA LA UFUKWENI

Watoto wetu hula matunda ya porini bila kuuliza: ukwaju, zambarau, kunazi. Katika fukwe za Karibi tabia hiyo ni ya hatari, kwa sababu ya mti uitwao manchineel. Ni mti wa kivuli kizuri, majani yake yanang'aa, na matunda yake yanafanana na tufaha dogo la kijani au njano lenye harufu nzuri. Ukoo wake ni ule ule wa mnyaa wetu, ambao kila mtu wa kijijini anajua utomvu wake ukiingia jichoni. Huu ni mkali zaidi. Utomvu wake mweupe hutoa malengelenge, moshi wa kuni zake huunguza macho, na hata matone ya mvua yanayopita katika majani yake humuunguza aliyejikinga chini yake.

Mwaka 1999 daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa likizoni Tobago aliokota tunda hilo ufukweni akaling'ata. Alisema baadaye kwamba mwanzoni lilikuwa tamu. Punde koo likaanza kuwaka na kukaza hata akashindwa kumeza, na maumivu yakamchukua saa kadhaa kutulia. Ikiwa daktari alidanganyika, mtoto wa miaka sita atafanyaje?

Barbados mingi ya miti hii huwekewa alama ya rangi nyekundu shinani au kibao cha onyo, lakini si yote. Siku ya kwanza kabisa mwombeni mwenyeji awaonyeshe mti huo, na watoto wauone kwa macho yao. Utomvu ukigusa ngozi, osheni mara moja kwa maji mengi na sabuni. Ukiingia jichoni, mwagieni maji safi kwa robo saa nzima, kisha hospitali.

CHAKULA NA MENGINEYO

Kwa chakula mgeni kutoka kwetu hatapata shida. Chakula cha taifa cha Barbados ni ugali laini wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, nao huliwa na samaki panzi, yule arukaye juu ya maji. Samaki huyo hula vijidudu vidogo vya baharini, hana matatizo. Wa kuangalia ni samaki wakubwa wa miamba wanaokula wenzao, kama mzia, chewa wakubwa na mkunga, hasa familia ikivuka kwenda visiwa vya kaskazini zaidi. Wanaweza kuwa na sumu iitwayo siguatera, ambayo haiondolewi kwa kupika, kukaanga, kukausha wala kugandisha, na samaki haonyeshi dalili yoyote kwa ladha au harufu. Aliyekula hutapika na kuharisha, midomo na vidole humwasha, na akigusa kitu cha baridi anahisi anaungua.

Mchangani wavae kandambili, kwani mbwa na paka huacha minyoo ambayo huingia katika ngozi na kuchora mistari inayowasha vibaya. Dawa yake ipo, daktari aulizwe. Tangu mwaka 2011 mwani wa rangi ya kahawia umekuwa ukija ufukweni kwa wingi mno, hasa pwani ya mashariki na kusini. Ukioza hutoa hewa yenye harufu ya yai viza, nayo haimfai mtoto mwenye pumu. Na baada ya mvua kubwa msiwaache watoto wachezee maji ya mafuriko, maana mkojo wa panya huleta ile homa ya mgunda, na kisiwani pale inajulikana tangu zamani.

Msimu wa tufani ni Juni hadi Novemba. Likizo ya shule ya Ulaya huangukia humo humo, kwa hiyo sikilizeni redio ya pale, na dawa za kila siku za kisukari au shinikizo la damu zichukuliwe za siku kumi zaidi ya safari, ndani ya mkoba wa mkononi. Bima ya safari inayolipia matibabu ikatwe kabla ya kuondoka. Simu ya gari la wagonjwa Barbados ni 511. Msafiri anayetoka moja kwa moja nchi zenye homa ya manjano, kama Kenya na Uganda, hudaiwa cheti cha chanjo hiyo, na chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya safari. Jambo moja lisilo la afya, ila linaweza kuharibu likizo: nguo za mabakabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia Barbados, hata fulana ya mtoto.

Mkisharudi nyumbani, hesabuni wiki mbili. Homa yoyote katika siku hizo, iwe London, Toronto au Arusha, daktari aambiwe kisiwa mlichotoka na tarehe mliyoondoka, na mpaka ajibu, mgonjwa apewe parasetamoli na maji tu.